Kalori za Mkono wa Kulia

Msamala,
Songea.
6 Julai 2025

Mpendwa Dada Lukresia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula, unalala, na hao wazee wa Kijerumani unaowatunza hawakusumbui. Huku sisi ni wazima, tatizo ni baridi tu. Ya mwaka huu imekuja na hasira zake. Asubuhi nikiwasha pikipiki inakohoa kama mzee mvuta kiko, na mimi nakuwa na makoti mawili juu ya sweta. Hata hivyo abiria wangu wa Majengo wanasema bado napendeza, na mimi sina sababu ya kubishana nao.

Usishangae kuona karatasi badala ya meseji. Simu yangu imepasuka kioo, na ya nyumbani anaishika Baba Mkubwa, na haya ninayotaka kusema yanamhusu baba yako huyo huyo. Sista Adela anarudi huko wiki ijayo, nikamwomba anibebee. Ameniahidi hatafungua, na sista akiahidi inabidi umwamini.

Mahindi tumevuna vizuri. Mama Mkubwa anakusalimu, magoti yake yana nafuu. Kuku wako yule mwekundu alikufa, lakini alikufa siku ya sikukuu, kwa hiyo hakupotea bure.

Sasa nakuja kwenye kilichonishikisha kalamu, mimi ambaye mwalimu wangu wa Kiswahili kidato cha pili alisema insha zangu zinampandisha presha. Dada, ile saa janja uliyomtumia Baba Mkubwa imetushinda. Nasema imetushinda. Wewe huko umeachiwa wazee wa watu wanaokutii, mimi nimeachiwa huyu wa kwako na saa juu.

Unakumbuka alivyoagizwa na daktari wa macho. Mtoto wa jicho anatolewa, kazi ndogo, ila sukari ishuke kwanza, la sivyo hawamgusi. Apunguze ugali, aache sukari kwenye chai, afanye mazoezi. Na yeye akasema sawa, kwa sababu Desemba ni harusi yako na ameshaapa mbele ya kwaya nzima kwamba hakuna mwalimu wa kwaya mwingine atakayesimama pale mbele. Hapo ndipo wewe, kwa moyo mzuri, ukatuma saa imsaidie kuhesabu kalori.

Ilipofika aliivaa mkono wa kulia. Nikamwambia, Baba Mkubwa, saa watu wanavaa kushoto. Akanitazama kama nimetukana. Eti zawadi ya mtoto unaipokea kwa mkono wa kulia, sasa iweje ukaivae kwenye mkono wa kushoto, mkono wa shughuli za chooni? Nikamfungia mkanda wa saa. Ningejua balaa lililokuwa limejificha kwenye mkono ule, ningebishana mpaka jioni.

Jumamosi ile ile akaenda kufundisha kwaya. Wewe unamjua baba yako akisimama mbele ya waimbaji, utadhani anafukuza nyuki. Akarudi nyumbani kavimba kifua, akanipa mkono nimsomee, maana namba zenyewe hazioni. Saa inasema amechoma kalori mia saba.

"Mia saba!" akapaza sauti mpaka jirani akasikia. "Mama Lukresia! Nimechoma mia saba!"

Mama Mkubwa akajibu kutoka jikoni, "Umechoma nini? Mkaa hapa nanunua mimi."

Mambo yangeishia kwenye kicheko tusingelalamika. Lakini Baba Mkubwa akaketi mezani akapiga hesabu. Kilichochomwa lazima kirudishwe, mwili usije ukadhulumika. Tonge moja la ugali lina kalori ngapi? Hakuna aliyejua, basi yeye akakadiria: kumi. Kwa hiyo ana haki ya matonge sabini. Dada, matonge sabini! Na matonge yake unayajua, moja kwangu ni mawili. Hayo anayaita mafao yake ya ustaafu. Ukimwekea ugali mdogo anakuuliza, "Na mafao yangu?" Siku ya Misa ndefu anadai mpaka chapati.

Na wewe ukawa unamwagia petroli. Kila Jumapili ananishikisha simu nipige picha saa, anakutumia, halafu wewe unajibu, "Hongera sana Baba, umechoma nyingi!" pamoja na vile vikatuni vya kupiga makofi. Dada, ulikuwa unampigia makofi mtu aliyetoka kumaliza sufuria. Vile vikatuni anavitumia kama cheti. Mama Mkubwa akimsema, anamwonyesha simu: "Soma mwenyewe, mtoto wako wa Ulaya anasemaje."

Basi akapelekwa kliniki mwezi wa tano. Sukari ikawa imepanda kuliko mara ya kwanza. Daktari akasema mtoto wa jicho hatolewi, arudi tena baadaye. Unafikiri alijuta? Eti kipimo chao kibovu, yeye ana kipimo cha Ujerumani mkononi. Nilitaka kulia, nikaona wanaume hawalii mbele ya nesi mzuri vile.

Hapo ndipo mimi Remmy nikaamua kufanya utafiti. Siku moja akiwa anaoga nikaivaa saa, nikapata abiria wa Madaba, nikaondoka. Niliporudi nikakuta saa inanipongeza. Kwa ule mtikisiko wa pikipiki, inadhani nimetembea kwa miguu mpaka Madaba na kurudi! Kumbe hata mimi ni mwanariadha, tena nimekalia kiti.

Mchana nikaiacha mkono wa kulia, nikala ugali na dagaa wa Nyasa. Kata tonge, finyanga, chovya, peleka mdomoni, rudi. Nikamaliza, nikatazama. Imeongeza! Dada, saa inamhesabia kula kama mazoezi. Anakula, inasema amechoma. Kwa kuwa amechoma, anakula. Akila, anachoma tena. Mtu wa namna hiyo atatoka lini mezani? Na mkono wenyewe unaitwa wa kulia.

Nikaona nisiishie hapo, nikafungua sehemu inayoonyesha habari za mwenye saa. Nikakuta: Lukresia, mwanamke, umri miaka ishirini na tisa. Uliijaribu wewe kabla ya kuituma, ukasahau kufuta! Kilo zako sizitaji hapa kwa sababu barua inapita kwa sista. Yaani miezi yote hiyo saa ilikuwa inamkadiria Baba Mkubwa, mzee wa miaka sitini na tatu mwenye tumbo la heshima, ikidhani ni msichana anayejiandaa kuolewa. Halafu sisi tulioishia kidato cha pili ndio mnatuita wazembe.

Usiku huo huo nikayatoa yote mezani. Hakupenda.

"Unanionea wivu kwa sababu hukutumiwa wewe," akasema.

"Baba Mkubwa, hebu vaa kushoto, halafu ule, tuone."

"Mimi nikale na saa kushoto, nimekuwa karani?"

"Basi kesho twende mashine ya kusaga. Wewe sukuma baiskeli yenye mahindi, tupande kile kilima. Tuone saa inasema nini."

Akakubali kwa sababu alitaka kuniaibisha. Asubuhi tukaondoka, yeye amekamata usukani kwa mikono yote miwili, gunia liko nyuma, mimi nafuata bila kubeba kitu kwa sababu mimi ni mtafiti. Mzee alipanda kile kilima akihema kama treni, shati limeloa jasho pamoja na baridi yote ile. Kule juu akanipa mkono: "Soma."

Nikasoma. Ilikuwa imepata vijikalori vichache tu, hazifiki hata nusu ya anazopata wakati wa wimbo wa Utukufu Jumapili. Mkono ulikuwa umetulia kwenye usukani, saa ikaona huyu amepumzika. Baba Mkubwa akaitukana kwa Kingoni, kisha kwa Kiswahili, kisha akaanza Kilatini, sijui kama Kilatini kina matusi.

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka mpaka jioni, dada. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Lakini wakati huo huo Mama Mkubwa akawa anakuja kutoka upande wa pili, ametoka sokoni, na kile kitenge cha njano alichonunuliwa na yeye mwenyewe Baba Mkubwa. Alipofika karibu yetu, baba yako akasimama vizuri, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Habari za asubuhi mama. Kwema huko utokako?"

Mama Mkubwa akacheka. "Baba Lukresia, leo unanisalimia kama mgeni?"

Yeye hakucheka. Ndipo na sisi tukaelewa kwamba hakuwa anatania. Mkewe yuko hatua chache, jua limeshatoka, na hakumjua mpaka aliposikia sauti. Tukarudi nyumbani, baiskeli nikaisukuma mimi. Alipofika akaivua saa, akaiweka kabatini nyuma ya vikombe vya wageni, akamwambia Mama Mkubwa ampikie ugali wa ukubwa anaoutaka yeye mama.

Usifurahi haraka, bado hujasikia usumbufu wa pili. Tulimpeleka kliniki, tukamweleza nesi habari za saa. Nesi akacheka sana, akasema hizo namba ni makadirio tu hata kwa mwenye saa halali, na hazikuwekwa ili mtu azile. Akampa kipimo kingine kisichotaka chaji. Atembee kwa kasi kiasi kwamba anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Akiweza kuimba, huyo anatalii. Akishindwa hata kuongea, apunguze.

Umeona nesi alipokosea? Amwambie mwalimu wa kwaya kwamba mazoezi ni pale anaposhindwa kuimba! Baba Mkubwa alinuna njia nzima. Eti miaka yote ameimba, hakuna kilima cha Songea kitakachomnyima wimbo. Kwa hiyo kila asubuhi ikawa ni vita. Mimi namharakisha ashindwe, yeye anatembea pole pole kama bibi harusi ili aimbe. Nikimkamata anabadilisha, anaimba besi, eti besi haitumii pumzi nyingi. Nikikataa besi anapiga mluzi, anauliza kama nesi alitaja mluzi. Tunabishana mpaka watu wanatoka milangoni. Abiria wangu wa asubuhi wote wamechukuliwa na bodaboda wengine kwa sababu ya baba yako, na bado ananiita mvivu.

Lakini ugali ameupunguza kweli. Chai anakunywa kavu, uso ameukunja kama amemeza kwinini. Wiki iliyopita walipima, sukari imeanza kushuka. Haijafika pale daktari anapotaka. Amepewa mpaka mwisho wa Agosti. Ikishuka atawekwa kwenye orodha ya Septemba, isiposhuka, Desemba itamkuta hivi hivi.

Na jana asubuhi, dada, tulipanda kile kilima. Alianza wimbo wake wa kuingilia kwa mbwembwe, ubeti wa kwanza ukaenda. Wa pili, katikati, sauti ikakata. Akasimama, mikono kiunoni, akaniambia, "Remmy, kifua kimegoma." Sijawahi kufurahi namna ile kusikia mwalimu wa kwaya akishindwa wimbo. Nikampigia makofi mimi mwenyewe, ya mikono, siyo ya vikatuni.

Sasa nakuagiza, ingawa wewe ni mkubwa wangu. Ukipiga simu Jumapili usimuulize saa inasema nini. Wala usimpe hongera ya kalori, mzee huyu hongera anaigeuza chapati. Piga asubuhi, tukiwa kule juu, mwambie akuimbie. Akikuimbia mpaka mwisho bila kuhema, mgombeze sana. Akishindwa, hapo umpe vikatuni vyote ulivyo navyo.

Saa ninayo mimi kwa muda, naitunza tu. Nimeshabadilisha jina, kwa hiyo Lukresia hajulikani tena kwamba anakaa siku nzima kijiweni Majengo.

Wasalimie wenzako wa kazini, na shemeji George mwambie mahari bado tunaijadili, asijione ameshaingia. Mama Mkubwa anakusalimu tena, na Shangazi Lidwina, na Valence ambaye bado anasubiri viatu ulivyomwahidi. Baba Mkubwa hakusalimii kwa sababu hajui kama nimekuandikia, na ukimwambia nitasema wewe ni mwongo.

Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe Desemba ukiwa na nguvu zako. Utakapopita katikati ya kanisa na gauni lako, baba yako akiwa pale mbele na mikono juu, nataka akuone kwa macho yake. Asije akakuinamia kwa adabu, akakuuliza kwema huko utokako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mtafiti,

Remmy