Kitanda cha Dirishani

Nyamasaria, Kisumu

Shemeji Wangeci,

Hatujambo. Mvua imerudi na kuku wako wanataga vizuri.

Nashukuru kwa leso ya marehemu dada yako. Nimeishona mapazia ya kijumba cha mbao nilichomjengea Wahu cha kuchezea wanasesere. Kwa ugeni wa kazi niligundisha kuta zote na paa, mkono wa mtoto ukakosa pa kuingia. Jirani yetu Mzee Baldev alicheka, kisha akaukata ukuta wa nyuma kwa msumeno.

Unajua tangu mazishi Wahu hajasema neno. Jana aliingiza mkono, akasogeza kitanda cha mwanasesere.

"Baba, Mama hulala hapa kwa dirisha."

Nimekibandika hapo kwa gundi.

Asante sana, shemeji.

Ephantus