Mtoto Niliyemficha Jua

Jumatano, Chuno. Jua limewaka tangu asubuhi, hata mchanga wa uani haukanyagiki. Mimi moyo wangu una baridi.

Leo tumepewa majibu ya Zuhura. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane na bado hajasimama. Wenzake wa mtaani wanakimbiza kuku. Yeye miguu imepinda, na ukimwinua analia. Siku zote nilikuwa nikisema kachelewa tu.

Daktari aliinua picha ya mifupa dirishani. "Haya ni matege, mama. Vitamini D yake imepungua sana, mifupa imekuwa laini. Na wewe mwenyewe uko chini kuliko yeye."

Kumbe maumivu ya nyonga ambayo nilikuwa nikiisingizia cherehani yalikuwa na jina.

Kisha akauliza taratibu, "Huwa mnatoka nje?"

Nikainama.

Hatutoki. Hili sijawahi kuliandika popote. Kabla ya Zuhura nilimzaa Idrisa. Mimba yake niliibeba ndani, mke mgeni, kutwa nimeinamia cherehani. Siku ya sita mtoto alishikwa na degedege, siku ya saba tukamzika. Watu wakasema ni kijicho. Basi alipokuja Zuhura nikazidisha: pazia limeshushwa, mlango umerudishwa, mtoto haonwi na mtu. Mama mkwe ndiye aliyeshauri, mara zote mbili, nami nikakubali kwa moyo wote. Niliamini namlinda.

Nilimsimulia daktari habari za Idrisa, kisha nikauliza, "Na yule wa kwanza?"

Aliishusha ile picha. "Inawezekana, mama. Mama akipungukiwa, mtoto huzaliwa amepungukiwa, na degedege huweza kumshika. Siwezi kujua, hakupimwa."

Inawezekana.

Nimetembea na neno hilo mpaka nyumbani.

Nilimkuta mama mkwe anamenya muhogo. Nikamweleza yote, na Mungu anisamehe, nilitaka aumie kama mimi. Kisu kilimtoka mkononi.

"Mwanangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyewamaliza wajukuu zangu?"

Nilitaka kujibu ndiyo. Jibu lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini nilipoona mabega yake yanavyotetemeka, nikaketi kwenye jamvi karibu naye.

"Hatukujua, Mama."

Akalia kwa Kimakonde, maneno ambayo mengine siyaelewi. Nami nikalia.

Tumepewa dawa, mimi na mwanangu. Daktari anasema miguu inaweza kunyooka kwa kuwa mtoto bado ni mdogo, ila tuwe na subira. Buibui langu halina kosa, akasema. Ua wetu umezungushiwa makuti, naweza kukaa humo mikono wazi.

Alasiri nilimtoa Zuhura uani, miguu mitupu. Mwanga ulipompiga alifumba macho, akajificha kifuani pangu, akanishika kwa nguvu zake zote. Hofu ile nimempa mimi.

Kesho asubuhi, saa tatu, tutatoka tena. Sijui ni nani kati yetu atakayeanza kulia.