Kwa Severini, Ambaye Hatukumzika

Severini mpendwa,

Sina anwani yako, ndiyo maana barua hii naiandika wazi, aisome yeyote. Naandika nimesimama dirishani, karatasi nimeilaza juu ya ukingo, kwa kuwa kiti kimenishinda tangu asubuhi. Wanafunzi wangu wanafanya mtihani wa Siasa. Kila nikikaa nainuka. Wananitazama kwa jicho la pembeni, wanadhani nawawinda wasiibie.

Jumapili nilikuwa kwenu, kule Mkuu, Rombo. Nitakueleza yaliyotokea, ila niache nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka lile gari moshi? Tulikuwa tunakwenda Kampala kuanza mwaka wa kwanza wa chuo. Mimi nimepandia hapa Moshi na sanduku langu la bati, wewe umekaa mkabala nami ndani ya koti la baba yako, mikono imepotea kwenye mikono ya koti. Ukaniuliza nakwenda kusomea nini. Nilikuwa nimechoka kuwaeleza watu. "Falsafa," nikasema, nikageukia dirisha. Ukacheka mpaka mzee aliyekuwa amelala pembeni yako akashtuka. Ulikuwa umeambiwa kwamba mlima mzima hakuna mwingine zaidi yako aliyechagua wazimu huo. Kabla ya kufika Voi tulikuwa tumeshaanza kubishana kama huyo mzee aliyeamka ni yule yule aliyelala, na tumejuaje. Yeye mwenyewe alituomba tumwache, usingizi bado ulikuwa haujamtosha.

Kampala ilitupokea vizuri. Nakuona bado ukishuka kutoka kwenye mihadhara, unatembea kinyumenyume mbele yangu ili unione usoni tunapobishana, mpaka ukajikwaa kwenye mzizi na wasichana wa bwenini kwetu wakakupigia makofi. Mhadhiri wetu, yule bwana mfupi aliyekuwa hamalizi sentensi bila kufuta miwani, alitutesa muhula mzima kwa neno moja tu, kujua. "Usiniambie unajua," alikuwa akisema. "Niambie umejuaje." Wewe swali hilo ulilipenda kuliko chakula. Mimi liliniwasha. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikawa naliogopa hata kanisani.

Na nyumbani! Mjomba wako alisikia "falsafa" akaelewa "famasi," akapandisha suruali akuonyeshe mguu unaomuuma. Ulipomwambia husomei dawa, alikasirika kweli. "Sasa serikali imekupeleka huko kufanya nini?" Wakati ule kila kijana aliulizwa atalijenga taifa kwa namna gani. Wenzetu waliosomea uhandisi na kilimo walikuwa na jibu mfukoni. Sisi tulisema taifa linahitaji pia watu wa kuuliza maswali. Tulilisema kwa sauti kubwa kuliko imani tuliyokuwa nayo.

Baba yangu hakukupandishia suruali. Uliteremka basi Mwika, ukaja kwa miguu mpaka kwetu Marangu, viatu vimejaa tope, kijana Mkatoliki wa Rombo ndani ya nyumba ya mzee wa kanisa wa Kilutheri. Ukaamkia shikamoo, ukakaa. Baba akakuacha umalize bakuli lako la mtori, ndipo akauliza.

"Hiyo falsafa yenu inasema Mungu yupo au hayupo?"

Nilishika ukingo wa meza. Wewe ukapangusa mdomo.

"Baba, bado tunasoma."

Baba alikutazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mama jikoni akauliza kuna nini, kwa sababu kicheko cha baba kilikuwa kitu adimu. "Muongeze mtori," baba akasema. Miezi michache baadaye wazee wenu walikuja na pombe ya mbege, na mimi nikawa mchumba wako.

Halafu wanajeshi wakachukua serikali kule Kampala. Tulipokuja likizo, baba akanikatalia kurudi. Nikahamishiwa Dar es Salaam, somo letu sikulipata, nikasomea ualimu. Sote tulikuwa tumebakiza mwaka mmoja. Nilikusihi pale stesheni.

"Twende wote Dar, Severini. Utasoma kingine."

"Siwezi kuacha katikati," ukasema. "Ni mwaka mmoja tu."

Gari lilipoanza kuondoka ukatoa kichwa dirishani, ukaniambia kitu. Injini ilikuwa inapiga kelele, sikukisikia. Nilipunga mkono na kuitikia kwa kichwa kana kwamba nimesikia. Miaka yote hii nimekuwa nikikitunga upya hicho kitu. Siku nyingine ni maneno ya mapenzi, siku nyingine ni kwamba umesahau soksi zako kwetu.

Uliyekuwa ukikaa naye chumba kimoja alitueleza kwamba ulimaliza mtihani wa mwisho, ukafunga mizigo, ukatoka asubuhi kwenda kupanda gari la kurudi nyumbani. Basi. Hakuna aliyekuona tena. Baba yako alikwenda mpaka mpakani, akarudi mikono mitupu, na alifariki bado anauliza. Vita na wale wanajeshi vilipokwisha, tukasikia kuna watu waliokuwa wamefungwa kule wanarudi. Mama yako na mimi tulikuwa tunakwenda kusimama stendi ya Moshi, tukitazama kila aliyeshuka. Mama alikuwa anakushikia sweta. Kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye mwendo kama wako, nikamkimbilia, nikamshika mkono. Aligeuka, akaniomba radhi kwa kutokuwa wewe.

Sasa Jumapili. Mjomba wako ndiye aliyeniita. Nilipofika, wazee walikuwa wameshakaa sebuleni, na kando ya mlango wameegemeza mche wa isale, ule tunaoupanda penye kaburi. Nilipouona nikajua nimeitiwa nini.

"Mwalimu, kaa," mjomba akasema. "Dada yangu ni mgonjwa. Hataki kututangulia bila jambo hili la mwanawe kufungwa. Tunataka padri aje, tuseme ibada, tupande isale kihambani, kwenye shamba la ukoo, tumhesabu na waliolala. Lakini wewe ndiye mchumba. Na wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Tuambie, yuko au hayuko?"

Niliuona uso wa yule bwana wa miwani kana kwamba ameketi kati ya wazee. Nilitaka sana kusema hupo, Severini. Kuna jambo nitakueleza hapo chini ambalo lingekuwa rahisi kama ningesema. Nilitaka vile vile kusema upo, kwa sababu mama yako alikuwa ananitazama. Nikasimama.

"Sijui, baba. Siwezi kusema amekufa, na siwezi kusema yu hai. Nikisema lolote kati ya hayo nitakuwa nawadanganya."

Mjomba akapiga goti lake kwa kiganja. "Miaka yote hiyo ya shule, ili uje kutuambia hujui?"

"Ndiyo, baba."

Kelele zikaanza. Mmoja alisema wasomi ndio wanaochelewesha mambo, mwingine akasema nina sababu zangu. Mama yako akainua mkono. Amekonda, mkono wenyewe kama wa mtoto.

"Mwacheni. Sikuomba aitwe aseme mwanangu amekufa. Mimi nataka ruhusa ya kulia."

Hakuna aliyeelewa. Akaendelea taratibu, akitazama magoti yake.

"Tangu Severini apotee sijalia. Mtu akilia, ndiyo msiba umeingia. Nilisema nikitoa chozi nitakuwa nimemuua mimi mwenyewe. Nimejizuia hata siku ya kumzika baba yake. Sasa nimechoka kujizuia. Nikilia bila kumzika, nitakuwa nimemkosea?"

Swali hilo halikuwahi kutoka katika mtihani wetu wowote. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake.

"Hutamkosea, mama. Hayupo hapa nyumbani. Hilo tunalijua sote. Mlilie kwa kutokuwepo hapa."

Akalia. Sijawahi kusikia kilio cha namna ile, kilitoka kama kitu kizito kinachoburutwa sakafuni. Wanawake wakaingia kutoka jikoni, nami nikalia, na mjomba wako, yule wa mguu, akatoka nje akauchukua mche wa isale na kuupeleka nyuma ya zizi. Hatukukuzika. Jioni mama yako akaomba uji, akamaliza kikombe.

Nilidhani na mimi nitatulia. Sikutulia. Tangu siku ile natembea tu. Natoka nyumbani Soweto, hapa hapa Moshi, naelekea sokoni bila kitu cha kununua, nazunguka, narudi.

Jambo nililosema nitakueleza ni hili. Kuna mwalimu mwenzangu hapa shuleni, aliyefiwa na mkewe. Ni mtu mpole, anafundisha hesabu. Aliomba kunioa zamani, nami nimekuwa nikimwambia asubiri, pasipo kumwambia asubiri nini. Jumatatu nilimweleza yote, hata kwamba sikukubali uzikwe. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na akirudi?"

"Akirudi nitafurahi mpaka nilie mbele yako. Utanivumilia."

Alifikiri kweli, hakukimbilia kunipendeza. Alizungusha chaki vidoleni.

"Nitavumilia," akasema.

Nimemkubali, Severini. Arusi itakuwa baada ya masika, na mama yako amesema atakuja, hata kama ni kwa kubebwa, akae upande wa mama zangu. Nakuambia mwenyewe ili usije kusikia kwa watu.

Kama uko mahali na macho yako yanapita juu ya maneno haya, nenda kwanza kwenu. Mama bado yupo. Kisha uje Soweto, kwenye nyumba za walimu, mchana, upige hodi kama mgeni yeyote. Mume wangu atakufungulia. Nimeshamwambia jina lako, na ataniita.

Kwaheri.

Aliyekuwa mchumba wako,
Ndealilia