Kitufe Kilichomezwa na Kioo

Aki Raisa, hebu sikia. Ule mchezo wetu wa simu, wa trekta za miwa, umeniaibisha mbele ya majaji wa mashindano hapa Kakamega.

Jaji mmoja alitoa simu yake mpya, yenye tundu la kamera juu ya kioo. Kitufe cha kuanza kikajificha palepale kwa tundu!

“Dada, naanzia wapi?” akaniuliza.

Naanzia wapi, Raisa! Mbele ya watu!

Si tulijaribunga kwa simu zetu za zamani tu, zisizo na tundu? Nikaomba dakika kumi, nikafungua kwa laptop injini ya mchezo, ile programu tuliyoutengenezea, nikaiandikia ipime kioo kwanza, ikwepe tundu. Kisha nikauweka upya kwa simu ya jaji.

Akabonyeza. Trekta ikanguruma.

Hakunisifu. Alicheza tu, mpaka jaji mwenzake akamwambia, “Elkanah, wacha na mimi nijaribu.”