Tusa, Mwambie Mama Yako

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimenyonyesha, nimefua, nimekinga maji ya mvua. Kiraka cha mtumbwi kimebanduka tena. Solusheni ya baiskeli, lami, vyote mtumbwi umevitema. Plastiki hii haishiki kitu. Mzungu aliyetuachia aliuita kayaki. Mimi nauita jeneza. Juzi uliingia maji Ambakisye akiwa katikati ya ziwa. Mume wangu hajui kuogelea, na ziwa hili la Masoko halina kina kifupi, hata ukingoni.

Jumatano, 8 Machi
Ambakisye anasema Jumamosi anaingia ziwani, uvuje usivuje. Samaki wananunuliwa sana Tukuyu. Nimeficha kafi uvunguni. Amenuna, hajala. Na asile.
Anayejua plastiki ni baba mkwe, aliziba ndoo za watu sokoni miaka mingi. Sasa mikono inamtetemeka. Ambakisye alijaribu kwa kisu cha moto, akapanua ufa. Nimebaki mimi. Lakini mimi na baba mkwe hatuonani uso kwa uso wala hatusemeshani, ndiyo mila yetu. Akipita njiani naingia migombani.

Alhamisi, 9 Machi
Nimemtuma mama mkwe. Baba mkwe kaja, kakaa nyuma ya ukuta wa jiko, Tusa mapajani. Mimi na mtumbwi upande huu. Anaongea na mtoto wa miezi kumi.
"Tusa, mwambie mama yako atoboe kitundu kila mwisho wa ufa, usiendelee kukimbia."
Nikatoboa.
"Mwambie akate ukanda wa dumu la mafuta. Plastiki inashikwa na plastiki mwenzake."
Nikakata. Nikapasha kisu kwenye makaa, nikaanza kuyeyusha ukanda juu ya ufa. Moshi ukavuka ukuta.
"Tusa, mama yako anaunguza! Iyeyuke kama mshumaa, isiwe nyeusi. Hata ugali anapika hivyohivyo?"
Nilicheka nimeziba mdomo. Miaka miwili nimeolewa, sijawahi kumsikia akitania.

Ijumaa, 10 Machi
Nimemimina ndoo nane za maji ndani ya mtumbwi. Tone moja, nyuma. Nimerudia kuchoma. Pakavu. Vidole viwili vimeungua.

Jumamosi, 11 Machi
Nimetoa kafi. Nilisimama ukingoni, mtoto mgongoni, mpaka Ambakisye aliporudi. Miguu ilikufa ganzi. Perege saba. Ndani ya mtumbwi pakavu.

Jumapili, 12 Machi
Baada ya kanisa nimempelekea baba mkwe perege mkubwa. Nimeweka sahani kwenye kisiki, nikajificha migombani mpaka akaichukua. Jioni nimeikuta palepale, imeoshwa. Juu yake ukanda wa dumu, umekatwa vizuri, wa akiba.
Alikuwa bado nyuma ya ua, namsikia anakohoa.
"Tusa," nimesema, "mwambie babu yako ndaga. Asante sana."