Kioo cha Maji cha Dani

Jumapili jioni, Suna

Huyu Okoth, mwenzangu wa boila, ataniletea presha kushinda ile ya mashine.

Leo tuliwasha Dani, mashine yetu kuukuu ya kuchimba udongo, nyanya yetu wa chuma, achimbe kwa mvuke mbele ya wanafunzi kutoka Rongo. Alikuwa ameinua udongo mara mbili tu nilipotazama kioo cha maji, kile kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila. Kitupu. Hakuna mstari wowote wa maji.

Boila ikikauka na moto unawaka, inaweza kulipuka. Na wale watoto walikuwa karibu hivyo...

Nilifungua koki ya chini ya kioo huku naomba. Yakaruka maji, si mvuke! Kumbe boila ilikuwa imejaa hadi kupita kioo, na kioo kilichojaa pia hakionyeshi mstari.

"Niliongeza asubuhi ndio usihangaike," Okoth akasema. "Si unajua vile Dani hunywa?"

"Ungeniambia basi, omera, ndugu yangu!"

Tukapunguza maji kwa vali ya chini, mvuke ukanguruma kote. Wanafunzi wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Nikainama kama wa kuwashukuru. Kusema kweli, nilikuwa nachungulia kama mstari wa maji umerudi kwenye kioo.