Usinicheke Tena kwa Habari ya Sungura

Manundu,
Korogwe.
16 Juni 2024

Mpendwa kaka Leboo,

Shikamoo. Vipi baridi ya Sumbawanga? Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima. Mama alikuwa na mafua, ila jana nimeambiwa yuko Handeni anagombana na ndama, kwa hiyo amepona.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unacheka kabla sijamaliza. Eti sungura tu! Wewe uliyelia siku tatu ndama wako alipoliwa na fisi, unanicheka mimi? Mwenzio nimechoka.

Kazi yangu unaijua: nawalisha sungura wa maabara na kuwasafishia mabanda. Ijumaa utafiti wa dawa uliisha, na ukiisha wanachomwa sindano ya kufa ili wataalamu wapime maini. Hilo silikatai, watu wanahitaji dawa. Ila bosi wangu, Deogratius, alitaka niwashike mimi, kwa vile wamenizoea. Yaani miezi mitano niwabembeleze, halafu nije niwashikilie wafe! Marehemu baba hakuwahi kumchinja mnyama aliyemlea kwa mkono wake. Alimwita mzee Salaash aje achinje, baba mwenyewe akaenda zake lamboni. Nilimweleza bosi hivyo, akaniambia nivute pumzi taratibu kama tulivyofundishwa kwenye semina ya msongo wa mawazo. Semina yenyewe ilikuwa soda na karanga.

Nikagoma. Kazi akapewa Denis, ana wiki mbili tu pale. Nikatoka nje kufua makoti. Mara nikasikia ukelele. Kaka, hujawahi kumsikia sungura akilia, ni kama mtoto mchanga. Denis alikuwa amemnyanyua kwa masikio.

Nikarudi ndani na hasira, koti nimelivaa ndani nje. Nikawashika wote kumi na wawili, mmoja mmoja, kifuani. Hakuna aliyehangaika. Deogratius akanisifu, nikatamani kumrushia ndoo.

Kesho wanaletwa wengine. Mama anataka niache kazi. Siachi, maana nikiondoka atawashika Denis. Wewe nakuomba kitu kimoja tu: ukinipigia, niulize habari za kazi, kisha unyamaze, uniache nilie.

Nisalimie wifi Nemayian, na Kuntai mbusu kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awafunike huko mliko.

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Nailantei